Karatasi Iliyofika Kilibula

Niseme mapema, msije mkaniuliza baadaye: mimi simwamini mtu mwenye faili mkononi. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye kibanda changu cha kuandikia watu barua hapa Uvira, na mashine moja ya kupigia chapa na nyingine ya fotokopi, na nimeona watu wakipoteza mashamba, ng'ombe, hata jina la baba yao, kwa sababu waliweka saini mahali wasipopajua. Kwa hiyo kila aliyekaa kwenye kiti changu nilimwambia neno lilelile: usisaini. Kama ananuna, anune. Jina langu ni Fanny, mtoto wa Sange, na barabara hii yote inaujua mdomo wangu.

Mteja aliyeupenda mdomo huo kuliko wote ni Mama Raïssa. Jina lake mwenyewe ni Sumaya, mjane, muuza mawese wa Kilibula. Ukoo wake ni wa wale Waislamu wa mjini ambao babu zao walivuka ziwa wakifuata biashara, wakaoa huku, wakabaki. Ukitaka kumjua, mtazame akinunua bidhaa. Mtu akimletea bidoni ya mawese, anazamisha kijiti mpaka chini kabisa, anakitoa, anakinusa, anakigeuza juani, ndipo anasalimia. Kilo ya sukari akiinunua duka hili, anaipitisha duka la pili ipimwe tena. Pipa lake la maji lina kufuli.

"Kufuli ya maji, mama?" nilimuuliza siku moja nikicheka.

"Kwani maji haiko na mwenyewe?" akanijibu. Wala hakucheka.

Ni mimi tu aliyeniachia karatasi zake nizisome bila kusimama juu ya bega langu. Nilijivunia jambo hilo, tena sana.

Karatasi zenyewe zilikuwa za parsele, yaani kiwanja. Mume wake, marehemu Jafari, fundi wa injini za boti, alimwachia uwanja mmoja Kilibula wenye nyumba mbili. Ya mbele anakaa yeye. Ya nyuma alikaa binti yake wa pekee, Raïssa, na mume wake Luc na watoto wawili. Luc ni mkulima wa Katogota, mlokole, na Raïssa alipoolewa naye mama yake alikaa mwaka mzima bila kumtolea salamu. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa ndipo wakapatana, lakini nusunusu, mnajua mapatano ya namna hiyo. Chakula kinapelekwa, ila sahani inarudi bila neno.

Jafari hajamaliza hata mwaka kaburini, mdogo wake Kasongo akasimama: parsele ni ya baba yao, si ya Jafari peke yake, mjane atoke. Wakaenda mahakamani hapa Uvira, na Mama Raïssa akashinda. Kasongo akakata rufaa. Faili likapanda Bukavu, kwenye mahakama ya rufaa, na kutoka hapo kimya. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya. Avoka wake, wakili aliyemsimamia, alihamia Kinshasa akabadilisha na namba ya simu. Mama Raïssa akabaki kila asubuhi anafungua mlango akijiuliza kama parsele bado ni yake. Kama huko juu wamempa Kasongo haki, basi yeye nje, Raïssa nje, na wajukuu nje. Alikuwa anakonda kweli. Mimi nikamwambia, mama, twende tukautafute huo uamuzi wenyewe, tusingoje kuletewa.

Basi Januari ya mwaka 2023 tukapanda Bukavu. Njiani, tumeshapita Luvungi, akaninong'oneza kwamba hukumu ya Uvira, ile aliyoshinda, ameifunga tumboni ndani ya kitenge. "Hakuna muntu ataiona," akasema. "Wakiona, wanaipoteza." Nikamsifu. Nilisema, vizuri sana mama, huko usionyeshe mtu kitu.

Ofisi ya makarani tuliikuta, na karani aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani mizito. Akauliza namba ya kesi. Tukatazamana. Kumpa mtu usiyemjua namba yako? Nikasema hatuna. Akauliza, hukumu ya Uvira mnayo, nipate pa kuanzia? Mama Raïssa akasema haiko. Akasema hivyo na mkono umeikandamiza palepale tumboni! Karani akasema haya, nipeni jina. Akapewa jina la Sumaya, akafungua kitabu kikubwa, akashuka na kidole ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mimi nikaanza kuhisi usingizi.

"Jina hili halipo, mama. Siyo hapa."

Wee! Tulivyotoka mle ndani, afadhali hamkutukuta. Nilisema maneno pale nje ambayo siwezi kuyarudia, mimi Mkatoliki. Nikamwambia Mama Raïssa, Kasongo ameshapita hapa kabla yetu. Jina lako limefichwa. Naye akaitikia, eeh, minye niliona macho ya ule muzee. Tukashuka nyumbani na hakika hiyo. Leo naandika haya, na naona aibu juu ya yule karani, maana aliuliza maswali matatu ya haki na tukamdanganya mawili.

Mwezi wa tatu, mwanzoni, simu ikalia niko kazini. Mama Raïssa.

"Fanny, kuko muntu hapa ku mulango. Iko na faili. Anasema ametumwa na mahakama, anataka nisaini."

"Amevaa nini?"

"Sapatu. Na koti kubwa kuliko yeye. Amekuja na pikipiki."

"Mtu wa mahakama na sapatu?" nikasema. Mashine hata sikuisimamisha, nilikuwa na mteja wa cheti cha ubatizo. "Anasema ni karatasi ya nini?"

"Anasema, mama, ni ile uamuzi munatafutaka."

Hapo ndipo damu iliponipanda. Amejuaje kwamba tunatafuta? Nani amemwambia? Sisi tulikwenda wawili, tukarudi wawili, mdomo tumefunga. Nikamwambia mama, huyo ni wa Kasongo, amemtuma akupe karatasi ya uongo usaini kwamba unatoka. Mfukuze. Wala usiishike, ukiishika tu wamekupata.

Baadaye alikuja kibandani kunisimulia, na tulicheka mpaka machozi. Yule bwana alimwekea karatasi juu ya ukuta, yeye akaisukuma kwa ufagio ikaanguka barabarani. Akataka kumsomea, yeye akaanza kuimba kwa sauti. Mwisho bwana akatazama saa yake, akaandika kitu kwenye karatasi nyingine, akaokota mali yake, akasema, "Sawa mama, nimekukuta," akawasha pikipiki. Mama Raïssa akaniambia, "Alishindwa, Fanny! Alishindwa kabisa." Nikampigia makofi. Nilimwita mwanamke wa chuma.

Ramadhani ikaja, ikaisha, ikafika Idi. Na nyinyi mnajua desturi ya Idi kwa Waislamu wa hapa: waliogombana wanatembeleana, wanaombana msamaha, na ukimfungia mlango aliyekuja na msamaha siku ile, aibu inakurudia wewe. Kasongo akaijua siku yake. Akaja Kilibula na sinia ya pilau, na tende, na kitenge kipya kimekunjwa vizuri. Akakaa chini kwenye mkeka, mtu mzima yule, akalia.

"Shemeji," akasema, "kesi imetumaliza. Miaka inapita, mahakama haina neno, na minye na weye tutazikwa tungali tunangojea. Marehemu anatutazama. Tuigawe. Mbele ibaki ya kwako mpaka kufa. Nyuma unipe minye. Tumalize kama ndugu."

Mama Raïssa hakumjibu siku ile. Pilau hakula, aliwapa majirani kwanza, akangoja aone kama wataugua. Hawakuugua. Kesho yake akaja kwangu, akakaa, akaanza kulia, na mimi sikuwahi kuona mama yule akilia. Alisema amechoka. Alisema anaota kila mara amewekwa barabarani na mabidoni yake. Heri nusu shari kuliko shari kamili, akasema. Ila nyuma kuna Raïssa.

Na mimi je, niliyemshuku mtu kwa sapatu zake? Kwa Kasongo nilishuku nini? Nilishuku mita. Nilisema, mama, huyu atakuibia kwenye vipimo. Nikamwambia aje na kamba, tukapima uwanja wote. Nilishuku majina, nikayasoma mara nne. Mapatano niliyapiga mimi mwenyewe kwenye mashine yangu, kila neno, na nikakataa Kasongo asiongeze hata nukta. Kwa nini mtu aliyekazana miaka yote kutaka parsele nzima aamke siku moja anataka nusu tu, hilo halikunipita kichwani. Machozi yake yalinitosha. Mpumbavu mkubwa mimi.

Wakaja mashahidi: wazee wawili wa mtaa, na Bwana Protais, mkubwa wa kartie, yaani mtaa wote. Mama Raïssa akashika kalamu, akaniangalia.

"Nisaini?"

Na mimi, Fanny, ambaye miaka kumi na moja nimewaambia watu wasisaini, nikasema: "Hii nimeiandika mimi. Saini, mama."

Raïssa alipoambiwa, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa nini nyuma, si mbele?" Mama yake akamjibu kwamba mbele ndiko kulikozikwa kitovu cha Raïssa mwenyewe, na mambo mengine ya namna hiyo ambayo hayakuwa jibu. Mwezi wa sita Raïssa na Luc wakafunga mizigo, wakahamia chumba kimoja Kavimvira, upande ule ambao ziwa likijaa, maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Kasongo akajenga ukuta wa matofali katikati ya uwanja kabla wiki haijaisha. Alikuwa na haraka.

Mwezi wa nane Mama Raïssa alitaka hati ya nusu yake iliyobaki. Ofisi ya ardhi wakamwambia, kama ilivyo kawaida, alete kopi ya uamuzi wa rufaa, maana kwao kesi bado inaonekana iko wazi. Akaja kibandani kwangu analalamika, na kwa bahati alikuwepo Basile, avoka kijana anayetengenezea fotokopi zake kwangu. Akaomba aione hukumu ya Uvira. Mama Raïssa akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, akaitoa. Basile akaisoma akiwa amesimama.

"Nani alikata rufaa?"

"Kasongo."

"Huko Bukavu mlitafuta kwa jina gani?"

"Jina langu," akasema Mama Raïssa. "Kesi ni yangu!"

"Huko juu si yako, mama. Anayekata rufaa ndiye anayetangulia kwenye kitabu. Kule ni kesi ya Kasongo. Ungemtafuta yeye, ungejikuta na weye."

Nikakumbuka yule mzee na miwani yake, na kidole chake kinashuka ukurasa baada ya ukurasa.

Tukapanda tena, watatu sasa. Karani yuleyule. Basile akamwekea mezani hukumu ya Uvira, na jina la Kasongo, na tarehe ya rufaa. Haikuchukua dakika kumi. Karani akaenda nyuma, akarudi na faili, akalipuliza vumbi, akatuandikia kopi na kuipiga muhuri. Wala hakusema kwamba anatukumbuka. Nafikiri alitukumbuka.

Nilisoma mimi, kwenye benchi la nje. Rufaa ya Kasongo imekataliwa. Hukumu ya Uvira inabaki vilevile. Parsele yote na nyumba zake mbili ni mali ya marehemu Jafari, na mjane asisumbuliwe.

Mama Raïssa alipiga kigelegele, watu wakageuka. "Nilishinda! Fanny, nilishinda mara mbili!" Akanikumbatia kwa nguvu. Kisha akaniachia. "Tarehe ngapi?" akauliza.

Mwezi wa pili. Uamuzi ulitolewa mwezi wa pili, wiki chache tu baada ya sisi kushuka na hasira zetu. Idi ilikuwa mwezi wa nne.

Nyuma ya uamuzi kulikuwa na karatasi mbili nyembamba za huissier, yule mtu ambaye kazi yake ni kupeleka maneno ya mahakama mpaka mlangoni kwa watu. Ya kwanza, ya mwanzo wa mwezi wa tatu: Kasongo amepewa kopi mkononi, amesaini. Ya pili niliisoma polepole kwa sababu macho yalikuwa yanakataa. Tarehe sita mwezi wa tatu, saa nne na nusu asubuhi, kartie Kilibula, nimemkuta mwenyewe nyumbani kwake, nimemwarifu, amekataa kupokea na amekataa kusaini. Ni yule wa sapatu, na kwamba tunatafuta nadhani aliambiwa na karani.

"Kumbe alikuwa anajua!" Mama Raïssa akaruka. "Kasongo alikuja kunililia, na karatasi iko mufukoni mwake! Ninakula tende zake, anajua! Metre Basile, vunja yale mapatano. Vunja leo!"

Basile akaisoma tena ile karatasi ya pili.

"Mama," akasema, "ili tuyavunje, lazima tuseme ulidanganywa. Kwamba ulisaini kwa sababu ulikuwa hujui umeshinda. Lakini hii karatasi inasema uliarifiwa tangu mwezi wa tatu. Mwenye kukataa kupokea anahesabiwa amepokea. Isingekuwa hivyo, kila aliyeshindwa angekimbia mlangoni tu. Kwa karatasi, mama, siku ya mapatano ulikuwa unajua parsele yote ni yako, na ukaamua mwenyewe kutoa nusu."

"Lakini nilikuwa sijui."

"Najua. Nitajaribu. Ila siwezi kukudanganya kwamba tutafika."

Mama Raïssa alinigeukia. Nilingoja anitukane, nilitamani kabisa anitukane, matusi ningeyapokea yote. Yeye alifunga kopi ile ndani ya kitenge, tukashuka mpaka Sange. Pale akasema sauti ya chini kwamba yeye hawezi kumwambia Raïssa, miguu haitamfikisha. Nikasema nitakwenda mimi, deni hili ni langu.

Nilimkuta Raïssa Kavimvira anatoa maji nje kwa sufuria, mtoto mdogo mgongoni. Luc alikuwa shambani. Nikamwambia yote, tangu namba tuliyomficha karani, mpaka sapatu, mpaka ufagio, mpaka mashine yangu. Sikujitetea. Aliendelea kutoa maji muda wote nikiongea, kisha akanyoosha mkono, nikampa fotokopi. Raïssa amesoma, si kama mama yake. Alisoma uamuzi, akapita. Alipofika kwenye karatasi ya huissier akasimama.

"Tarehe sita mwezi wa tatu," akasema. "Minye nilihama mwezi wa sita."

"Ndiyo, Raïssa."

"Mama alijua."

"Hapana! Sikiliza, hakujua, wallahi nakuapia kwa kiapo chenu, ni mimi nilimwambia amfukuze yule mtu. Hakusikia hata neno moja."

"Imeandikwa hapa amearifiwa. Muhuri ni huu." Akauweka mbele ya macho yangu. "Alijua parsele ni yake yote, akachagua nyumba ya kumpa Kasongo, akachagua yangu. Sababu ya Luc. Hajawahi kunisamehe Luc."

"Raïssa, ile karatasi haisemi kweli."

"Weye ndiye unasema hivyo, Mama Fanny? Ukinisomea karatasi yenye muhuri tangu niko mutoto, uliniambia nini? Kwamba maneno yanapotea, muhuri unabaki. Mahakama inasema alijua. Weye na yeye munasema hakujua. Niamini nani?"

Raïssa akakunja karatasi mara nne, akaiingiza kifuani, akaokota sufuria yake akaendelea na maji.

Hiyo ni miezi mitano sasa. Basile amepeleka kesi, tunangoja. Lakini Raïssa hajarudi Kilibula hata mara moja, hata Luc alipomwomba, hata mtoto alipougua. Mama yake anapika kila Ijumaa, anafunika sahani, anaituma Kavimvira, na sahani inarudi na chakula chake ndani.